Vitabu vingekuwa na ratiba kama ligi

Wiki ya dabi ya Simba na Yanga hakuna anayeuliza kama Watanzania wanapenda mpira. Jumatatu utani umeshaingia kwenye daladala, Jumatano wauza jezi wamepanga mali hadi barabarani, na siku yenyewe Uwanja wa Mkapa, wenye nafasi ya watu 60,000, unaanza kujaa jua likiwa bado la utosi. Chukua sasa riwaya mpya ya Kiswahili, tamu, ya mwandishi mwenye jina. Inatoka "mwezi huu", au ujao, kiwanda kikimaliza. Wa kwanza wanaisoma wiki hiyo. Wengine baada ya Pasaka. Mwingine anaiazima mwaka ukiisha. Kila mmoja anashtuka peke yake kwenye ukurasa wa 87, kwa siku yake, na akitafuta wa kumsimulia anakuta wenzake ama hawajafika hapo ama wameshasahau. Baadaye tunakaa kwenye makongamano tukisema watu wetu hawasomi.

Lawama hiyo imebisha mlango wa jirani. Kinachogeuza burudani kuwa gumzo la mji ni kusubiri kwa pamoja: watu wengi, kitu kimoja, siku moja, na hakuna ajuaye mwisho wake. Mpira umekipata hicho kwa ratiba ya ligi. Tamthilia imekipata kwa saa ya kurushwa. Vitabu navyo vimewahi kukipata, tena si mara moja, na kila vilipokipata vilikusanya umati uleule unaodhaniwa kuwa ni wa mpira na muziki tu.

Kuna hesabu inayovibana, tusijifiche. Riwaya ya maneno 50,000, kwa msomaji wa kasi ya maneno 200 kwa dakika, inakula saa 4 na dakika 10. Mechi ni dakika 90 na mapumziko. Huwezi kuwaweka watu pamoja kwa saa 4 wakigeuza kurasa kimya kimya na ukategemea kelele. Kwa hiyo ama uikate hadithi vipande, ama uwaanzishe wote saa moja, ama uipe sauti. Njia zote tatu zimeshajaribiwa, na kila moja ina pale inapoharibikia.

Tuanze na kukata. London, mwaka 1836, riwaya ya heshima ilitoka kwa juzuu tatu, bei shilingi 31 na nusu, pesa ambayo karani wa kawaida hakuwa akiitoa kwa ajili ya hadithi. Chapman na Hall wakaanza kuchapisha The Pickwick Papers ya Charles Dickens, kijana wa miaka 24, kwa vijitabu vya kila mwezi vya shilingi 1. Baada ya marekebisho ya mwanzo, kila kijitabu kikatulia kwenye kurasa 32 na picha 2. Vipande vilikuwa 20, viwili vya mwisho vikitolewa pamoja mwishoni mwa 1837. Jumla ni shilingi 20, tena kwa awamu, na maduka yalijua kuwa mzigo unaingia siku ya mwisho wa mwezi.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Toleo la kwanza lilichapwa nakala 1,000 hivi na zikasuasua. Mchoraji, Robert Seymour, akafariki kabla toleo la pili halijatoka. Mambo yakageuka kwenye toleo la nne, Julai, alipoingia Sam Weller, mtumishi mwenye mdomo, anayezungumza kama watu wa vichochoroni. Wasomaji wakampenda, Dickens akawasikia, akampa Sam nafasi kubwa zaidi. Kufikia mwisho vilikuwa vinatoka nakala 40,000 hivi kila mwezi. Hilo lisingewezekana kama kitabu kingetoka kizima tangu mwanzo, kwa sababu kitabu kikishashonwa hakina masikio. Hiki kilikuwa nayo, mwezi hadi mwezi.

Huku kwetu hatuhitaji London kutufundisha hilo. Msomaji wa Dar es Salaam wa miaka ya 2000 anayakumbuka magazeti ya Global Publishers, kila moja na siku yake ya wiki, na hadithi za Eric Shigongo zikikatwa pale pale roho inapopanda. "ILIPOISHIA" kwa herufi kubwa. "SASA ENDELEA." Na chini kabisa: "Je, nini kitatokea? Usikose toleo lijalo." Gazeti moja lilipita kwa mwenye genge, kwa fundi viatu, kwa dereva wa teksi anayesubiri abiria, na kufikia jioni lilikuwa limechakaa kama noti. Kabla ya hapo kulikuwa na wapelelezi: Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyekuwa ameshaingia mtaani na Kufa na Kupona mwaka 1974, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wasomi waliviita vitabu hivyo "riwaya pendwa", jina ambalo ukilisikiliza vizuri lina dharau kidogo ndani yake, kana kwamba kupendwa ni kasoro.

Kukata ni ufundi, na wengi wanaukosea kwa namna ileile. Tuchukue tukio. Mwanaidi anatafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwenye droo ya mumewe, Hamza. Anakuta picha ya harusi. Bwana harusi ni Hamza. Bi harusi si yeye. Mwandishi mwenye haraka anakata hapo, na si vibaya, ila msomaji ameshajijibu: kaoa mke wa pili, basi. Atasubiri, lakini bila homa. Sasa shuka mistari michache. Mwanaidi anaigeuza picha. Nyuma imeandikwa tarehe kwa kalamu, Jumamosi iliyopita, siku ambayo Hamza aliaga kwamba anakwenda msibani Tanga. Usikate bado. Anaigeuza tena, anaitazama vizuri, na pembeni ya bi harusi, ameshika mkoba na anatabasamu, amesimama mama yake mzazi. Kata hapo.

Tofauti ni kwamba msomaji amelipwa kidogo kabla ya kukopeshwa. Swali la "lini" limejibiwa, na limezaa swali kubwa zaidi ambalo lina pande mbili: mama alijua nini, na alikuwa upande wa nani? Ndani ya wiki hiyo watu watagawanyika. Wapo watakaomtetea mama ("labda alilazimishwa"), wapo watakaomtukana. Huo ndio utani wa jadi wa vitabu, na bila kambi mbili hakuna gumzo. Aina ya kukata inayoua hadithi ni ile ya hatari ya uongo: lori linakuja kwa kasi, breki zinalia, itaendelea, wiki ijayo sentensi ya kwanza inasema dereva alikwepa. Mara ya kwanza msomaji anasamehe. Mara ya tatu anaanza kusoma habari za michezo.

Kwa gazeti au simu, kipande kimoja kiwe maneno 1,000 hadi 1,200. "Ilipoishia" isizidi maneno 50, na kila mtu atajwe kwa uhusiano wake ("Mwanaidi, mke wa Hamza"), kwa sababu msomaji amepitiwa na siku saba za foleni, kodi na watoto, hakumbuki majina. Wahusika wapya wasizidi wawili kwa kipande. Na kabla kipande cha kwanza hakijatoka, nusu ya hadithi iwe imeshaandikwa. Hapa ndipo hadithi nyingi za Facebook zinapofia: mwandishi anaanza na vipande vitatu mkononi, mashabiki wanajaa, cha nne kinachelewa kwa malaria, cha tano kwa msiba, cha sita hakuna.

Njia ya pili ni kuwaanzisha wote saa moja. Tarehe 21 Julai 2007, dakika moja baada ya saa sita usiku, kitabu cha saba na cha mwisho cha Harry Potter kilianza kuuzwa. Ndani ya saa 24 ziliondoka nakala milioni 8.3 Marekani na milioni 2.65 Uingereza. Watoto walikuwa wamepanga foleni na majoho yao ya kichawi, wazazi wamekaa kwenye viti vya kukunja. Kitabu cha kwanza cha mfululizo huohuo, mwaka 1997, kilianza na nakala 500 za jalada gumu. Hakuna aliyekesha nje ya duka kwa ajili yake. Umati ulijengwa kwa miaka 10, na sehemu kubwa ya ujenzi ni kazi ya stoo na malori, ambayo hakuna anayeiandikia makala.

Kwa vitabu vya mwanzo Uingereza ilitangulia na Marekani ikafuata baadaye. Wasomaji wa Marekani wasiotaka kusubiri wakaagiza kwa intaneti kutoka Uingereza, na waliobaki wakasimuliwa mwisho na wenzao. Kuanzia kitabu cha nne, Julai 2000, nchi zote mbili zikatoa siku moja. Ili hilo liwezekane, mzigo wote lazima ufike kila duka mapema na ukae umefungwa. Kwa kitabu cha saba, Marekani peke yake ilichapwa nakala milioni 12 za kwanza. Maduka yalisaini mikataba ya kutofungua maboksi kabla ya saa. Hata hivyo picha za kurasa zilivuja mtandaoni siku chache kabla. Foleni hazikupungua. Aliyekwenda kupanga foleni alikuwa anataka kuwa pale, usiku ule, na wenzake, kama vile anayejua matokeo yanaweza kupatikana kwenye simu bado anakwenda uwanjani.

Na kambi zilikuwepo. Kitabu cha sita, mwaka 2005, kilimwacha Profesa Snape akiwa ameua mtu mkubwa, na hakikusema kama ni msaliti au la. Miaka miwili mizima watu wakabishana. Duka moja kubwa la vitabu Marekani likagawa vibandiko vya pande zote mbili, mteja achague. Gharama ya kibandiko ni ndogo kuliko tangazo la redio, na kinamfanya msomaji avae msimamo wake kifuani kama jezi.

Mfano wa kinyume tunao nyumbani. Tarehe 7 Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi. Kwa siku kadhaa jina lake lilikuwa kwenye kila redio. Watu wakaingia madukani kuulizia, na kwa sehemu kubwa hawakukuta kitu. Hata Marekani riwaya yake ya karibuni, Afterlives, haikuchapishwa hadi 2022. Tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, iitwayo Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota, nayo ilifika 2022. Hapo msisimko ulitangulia na bidhaa ikafuata kwa miezi, na mwenye hamu ya Alhamisi si lazima awe na hamu ileile baada ya mwaka. Hakuna wa kulaumiwa kwa tuzo isiyotabirika, ila inaonyesha umbali uliopo kati ya gumzo na rafu.

Kuna taasisi moja Afrika Mashariki inayowaanzisha wasomaji wote siku moja bila kutumia hata senti ya matangazo: mtihani wa taifa. Ukimtajia Mkenya wa rika fulani jina Kongowea Mswahili, anakurudishia Siku Njema ya Ken Walibora papo hapo, kwa sababu darasa zima, shule nzima, nchi nzima, walikuwa kwenye sura moja katika muhula mmoja. Mitihani inawapa vitabu teule kile ambacho wachapishaji wanashindwa kukinunua. Halafu inakiharibu yenyewe kwa "eleza sifa tano za mhusika mkuu". Lakini nenda kwenye ukumbi wa shule siku vikundi vya maigizo vinapokuja na tamthilia teule. Wanafunzi wanaijua hadithi yote, na bado wanapiga kelele kabla mhaini hajatoka nyuma ya pazia. Ukiondoa karatasi ya maswali, ni umati wa mpira.

Njia ya tatu, sauti, ndiyo naiona rahisi kwetu na ndiyo inayopuuzwa. Havana, Cuba, mwaka 1865, kiwanda cha sigara cha El Fígaro kilianza kuwa na msomaji. Anakaa juu ya jukwaa dogo, wafanyakazi wanasokota tumbaku chini, yeye anasoma: asubuhi magazeti, baadaye riwaya. Mshahara wake walichanga wafanyakazi wenyewe, na kitabu kinachofuata walikipigia kura. Desturi hiyo ikaenea na ipo hadi leo. Sigara maarufu ya Montecristo imepewa jina la riwaya ya Alexandre Dumas, The Count of Monte Cristo, iliyokuwa ikipendwa na wasokotaji. Siri yake ni moja tu: mikono ina kazi, masikio hayana.

Sisi nasi tumeshawahi kuona sauti ikigeuza kitu kigumu kuwa cha mtaa. Lufufu, kwenye vibanda vya video vya Tanzania, na DJ Afro huko Kenya, walichukua filamu ambazo lugha yake haikueleweka na kuzisimulia upya kwa Kiswahili chenye matani, hadi watu wakawa wanaifuata sauti kuliko filamu. Sasa tafuta mikono yenye kazi na masikio matupu. Mafundi cherehani. Wachambua dagaa. Na zaidi ya wote, saluni ya kusuka: rasta ndogo zinamkalisha mteja saa 5, wakati mwingine 8, pamoja na wasusi wawili na wanaosubiri zamu.

Usomaji wa saluni una masharti yake. Kwa sauti isiyo na haraka, dakika moja inabeba maneno 110 hivi, kwa hiyo dakika 20 ni maneno 2,200, yaani vipande viwili vya gazeti. Usizidishe hapo bila kupumzika. Masikio yanachoka kabla ya macho. Msomaji aipitie hadithi jana yake na aweke alama za kupumua kwa penseli, kwa maana sentensi inayosomeka vizuri kwa macho inaweza kumwishia pumzi katikati. Asijaribu kuigiza sauti ya kila mhusika, atachekesha pasipotakiwa kuchekesha. Abadilishe kasi tu, mzee polepole, mtoto haraka. Akae mbali na draya. Asome kwenye karatasi, kwa sababu simu itaita, na ikiita Mwanaidi akiwa na picha mkononi, umeharibu siku. Na mwenye saluni apate chake: mwachie vijitabu 20 kwa mali kauli, abakize asilimia 30 ya kila anachouza, kilichobaki akirudishe bila maneno. Anayesukwa leo ataondoka kabla ya mwisho, na mwisho uko mezani kwa mwenye saluni.

Kijitabu chenyewe si jambo la kiwanda. Karatasi 8 za A4, zikikunjwa katikati, zinatoa kurasa 32 za ukubwa wa A5, na steshenari yoyote yenye mashine ya kopi inaweza kuzitoa. Gharama ni pande 16 za kopi. Zidisha kwa bei ya mtaani kwako. Mpangilio wa kurasa ndio unaowatesa watu. Karatasi ya nje ina ukurasa wa 32 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 31 upande wa pili. Ya ndani kabisa ina 16 na 17 zikitazamana. Kanuni ya kukagua ni kwamba kurasa mbili zilizo pamoja zinajumlisha 33 daima. Ukipata 32 au 34, simamisha mashine. Kopi ya pande mbili igeuzwe kwa upande mfupi wa karatasi, la sivyo nyuma inatoka kichwa chini, na kwa kawaida hilo linagunduliwa nakala ya 150 ikiwa imeshatoka.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Ama upate stepla ya mkono mrefu, ama ufungue ya kawaida, upige pini juu ya boksi na kuzikunja kwa mkono, ama ushone kwa uzi na sindano kwa matundu matatu. Karatasi za ndani zitachomoza milimita moja hivi. Kata kwa kisu kikali na rula ya chuma, na ili usikate maneno acha ukingo wa milimita 15 upande wa nje. Ukiondoa jalada, ukurasa wa "ilipoishia" na ukurasa wa nyuma unaotaja tarehe ya toleo lijalo, unabaki na nafasi ya maneno 8,000 hivi. Hayo ni dakika 40 za kusoma, karibu kipindi kimoja cha mpira. Riwaya ya maneno 50,000 inakuwa vijitabu 7, na vikitoka viwili kwa mwezi msimu wako ni miezi mitatu na nusu.

Ukienda kiwandani badala ya steshenari, kumbuka karatasi kubwa inakunjwa na kutoa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 130 utalipia kama cha 144. Punguza kurasa mbili kabla ya kusaini. Na usipeleke kazi kati ya Novemba na Januari, vitabu vya shule vimejaza mashine, wala msimu wa uchaguzi, kwani mabango hulipiwa taslimu na kazi yako itasogezwa.

Siku ya kutoka iwe baina ya tarehe 25 na 5, mishahara ikiwa bado ina uhai, na fungua ratiba ya ligi kabla ya kuitangaza. Kushindana na dabi ni kiburi. Mzigo wa mbali uondoke kwanza: kutoka Dar es Salaam, boksi la Kigoma lipande basi siku kadhaa kabla ya la Morogoro, limefungwa, limeandikwa tarehe ya kufunguliwa. Mchuuzi mmoja akiuza mapema, wengine wote watafungua saa hiyohiyo, na hawana kosa. Dawa pekee niijuayo ni kuandika wazi tangu mwanzo kwamba atakayewahi, toleo lijalo atalipata siku mbili baada ya wenzake.

Kwa wanaouza kwenye simu, utaratibu uliozoeleka ni kuweka vipande vya mwanzo bure Facebook, kisha mwenye kutaka kuendelea atume buku na aingizwe kwenye kundi la WhatsApp. Unafanya kazi, hadi mwandishi anapotuma hadithi nzima kwa PDF ili apumzike. Kufikia jioni iko makundi mengine kumi. Tuma kipande kwa kipande, saa ileile, tuseme saa 2 usiku, kundi likiwa limefungwa hadi saa 3 ili wachelewaji wasome kabla ya mabishano, halafu lifungulie. Saa hiyo ya mabishano ndiyo bidhaa yenyewe. Mwizi atanakili, hakuna namna ya kumzuia, lakini anauza mechi ya jana.

Kuchelewa kutakuja hata hivyo, na hapo ndipo wengi wanapokosea kwa kunyamaza. Mei 1837 shemeji yake Dickens, Mary Hogarth, alifariki ghafla akiwa na miaka 17, na toleo la Pickwick la mwezi huo halikutoka. Lilipotoka lililofuata, Dickens aliweka tangazo fupi la kueleza msiba, na humo akaorodhesha yaliyokuwa yamezushwa juu yake katika wiki hizo chache: wengine walisema amekufa, wengine amepata kichaa, wengine amefungwa kwa madeni, wengine amepanda meli kwenda Marekani. Kwa hiyo kipande cha Ijumaa kikikwama, sema Alhamisi asubuhi, taja tarehe mpya, na hiyo ya pili usiivunje.